Maji ya Jirani: Kusoma Vitabu vya Kununua Nyumba Provence

Kuna aina ya kitabu ambayo ukishasoma kimoja unajua vingine vyote vinaelekea wapi. Mtu wa mji mkubwa, mara nyingi Mwingereza, amechoka na ofisi na mvua. Anaenda likizo kusini mwa Ufaransa, anaona nyumba ya mawe ya miaka mia mbili imeegemea mlima, paa linavuja, mizabibu mbele, mbwa wa jirani anabweka. Anainunua. Kurasa zinazofuata ni mafundi wasiomaliza kazi, chakula cha kupita kiasi, na jirani mzee mwenye meno machache na maneno mengi. Mwishowe nyumba inapata joto, mwandishi anapata amani, na msomaji aliyekwama kwa matatu pale Waiyaki Way anapata wivu.

Baba wa ukoo huu ni A Year in Provence cha Peter Mayle, kilichotoka 1989. Mayle alikuwa mtu wa matangazo ya biashara, alifanya kazi London na New York, kisha akahamia na mkewe nje ya Ménerbes, kijiji kilichokaa juu ya kilima katika milima ya Luberon. Alikwenda akikusudia kuandika riwaya. Nyumba ikamla muda wote, akaishia kuandika juu ya nyumba yenyewe. Kitabu kikauza mamilioni, BBC ikakifanya tamthilia ya televisheni mwaka 1993 na John Thaw ndani, na 2002 serikali ya Ufaransa ikampa nishani ya Légion d'honneur. Alifariki Januari 2018. Nakala yangu ilitoka kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, mia mbili baada ya kubishana, na mwenyewe wa kwanza alikuwa amepiga mstari chini ya kila jina la chakula. Namwelewa.

Najua swali lako. Kwani msee wa Nairobi anasoma haya ya nini? Basi fungua simu usiku. Kati ya mapishi na mpira itakuletea nyumba ya mawe huko Creuse, katikati mwa Ufaransa, vyumba vinne, bustani na kisima, chini ya yuro 50,000. Piga hesabu: hiyo ni kama milioni saba na nusu za kwetu. Kilimani hiyo pesa haikupi hata nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Ndoto iliyokuwa ya watu wa matangazo wa London imeshuka bei hadi kufika kwenye grupu za chama, ambako watu hutumiana hizo picha kwa utani ambao si utani sana. Na waliotengeneza hiyo ndoto, sentensi kwa sentensi, ni vitabu hivi. Nataka kuona vinavyofanya kazi.

Nianze kwa kumpa Mayle haki yake. Jamaa anachekesha. Kitabu kimepangwa kwa miezi, Januari hadi Desemba, na huo mpango wa kawaida ndio nguvu yake, kwa sababu nyumba haina hadithi nyingine ila majira. Januari inakuja na mistral, upepo wa kaskazini unaoshuka bonde la Rhône, mabomba yanaganda na kupasuka. Hapo ndipo anaingia Menicucci, fundi wa mabomba, na fundi huyu hawezi kugusa spana kabla hajatoa mhadhara kuhusu kwa nini upepo wa Siberia umeanza kupitia njia ya mkato. Mafundi wengine wanafika kwa kishindo, wanabomoa jikoni, wanaacha rundo la mchanga mlangoni, wanapotea. Wiki mbili. Mwezi. Agosti yote nchi nzima iko likizo. Kila mmoja akipigiwa simu anasema anakuja, na anamaanisha kweli anaposema.

Yeyote aliyewahi kujenga Kitengela au kuweka tailzi Umoja atasoma sura hizi akilia kwa kicheko. Fundi ni fundi. Tena jinsi mambo yanavyotatuliwa ni kazi safi ya mtunzi: Desemba imefika, nyumba bado, na mke wa Mayle anapata wazo la kuwaalika mafundi wote sherehe ya kumaliza kazi, pamoja na wake zao. Hakuna mke atakayetaka kuingia kwenye sherehe na kukuta kazi ya mumewe ndiyo pekee haijaisha. Kazi inaisha. Ni mbinu ambayo shangazi zangu wangeitambua mara moja, na Mayle anaisimulia bila kujisifu.

Lakini huyo mke, aliyetoa wazo bora zaidi katika kitabu kizima, hana jina. Kutoka Januari mpaka Desemba ni mke wangu tu. Mbwa ana nafasi, mbuzi wana mashindano yao ya mbio, mke ni mke.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wasomaji wengi hulipita kwa sababu limesemwa kwa sauti ile ile ya mzaha. Nyumba ilikuja na shamba la mizabibu, na jirani yao Faustin ndiye analilima. Mpangilio ni wa zamani sana, Wafaransa wanauita métayage. Mwenye ardhi analipia miche mipya, mkulima anafanya kazi yote, na mavuno yanagawanywa: theluthi mbili kwa Faustin, theluthi moja kwa Mayle. Ananunua nyumba na papo hapo anakuwa bwana shamba. Haya yanaelezwa haraka haraka, kama vile mtu anavyoeleza mita ya stima iko wapi. Kisha tunarudi kwenye chakula.

Mimi hapo nilisimama. Si kwa sababu ni dhuluma. Kwa hesabu ya métayage theluthi mbili ni nzuri, jina lenyewe linatokana na nusu kwa nusu, na Faustin anaonekana kuridhika. Nilisimama kwa sababu ya sauti. Faustin anaamka alfajiri baridi inauma, anapogoa, anapulizia dawa, anavuna, mgongo umepinda, na kwenye ukurasa yeye ni rangi ya mandhari. Akifungua mdomo ni ili alalamikie hali ya hewa kwa namna itakayotuchekesha. Mwandishi mwenyewe yuko dirishani na kahawa. Ukiwa umesomea shule za huku, sauti hiyo unaifahamu. Ni ile ya Karen Blixen katika Out of Africa ya 1937: mapenzi ya dhati kwa mahali, jicho zuri la kuona mwanga na milima, na wafanyakazi wanaopendwa jinsi mtu anavyopenda samani za zamani. Tofauti ipo na ni kubwa, nisije nikaambiwa nimechanganya mambo. Wafaransa wa Luberon hawakunyang'anywa ardhi na Peter Mayle. Waliuza. Wana serikali yao, mahakama zao, na wakitaka wanamfungia mgeni maji. Hata hivyo kalamu inajua njia yake. Anayenunua ndiye anayesimulia, na aliyeuza anabaki kuwa mhusika wa kuchekesha.

Halafu kuna swali ambalo ukoo huu wa vitabu hauliulizi kamwe: kwa nini nyumba ilikuwa tupu? Ndani ya vitabu hivi nyumba za mawe zimechakaa kama vile uyoga unavyoota, bila sababu. Bonde hili lina sababu nyingi. Mwaka 1545 jeshi lilipita Luberon kuwamaliza Wavaldo, Wakristo waliohesabiwa kuwa wazushi. Mérindol ikateketezwa, Cabrières na Lacoste zikaangamizwa pia. Ménerbes yenyewe ilizingirwa miaka mitano wakati wa vita vya dini, 1573 hadi 1578. Karne ya 19 mdudu wa filoksera akala mizizi ya mizabibu. Vita vya 1914 hadi 1918 vikaua zaidi ya wanajeshi milioni moja wa Ufaransa, wengi wao vijana wa mashambani, na ndiyo maana hata kijiji cha nyumba ishirini kina mnara wenye orodha ndefu ya majina. Februari 1956 ikaja baridi iliyoua mizeituni ya Provence kwa wingi, miti ya babu za babu. Waliobaki wakaenda mjini kutafuta mshahara, kama vile ushago kwetu unavyobaki na wazee na watoto wa likizo. Nyumba unayoiona kwenye simu ina historia hiyo ndani ya kuta. Mayle anaona mawe mazuri tu.

Na hata ununuzi wenyewe, ambao ungeweza kuwa riwaya kamili, unapita katika kurasa za mwanzo tu. Waliiona, wakaipenda, wakainunua. Ngoja basi niseme kinachorukwa, kwa sababu binafsi naona kina utamu kuliko truffle.

Huko huwezi kununua nyumba bila notaire. Huyu si wakili wako, ni afisa aliyeteuliwa na serikali, na mmoja anaweza kuwahudumia muuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Mnasaini kwanza mkataba wa awali, unaweka amana ambayo mara nyingi ni asilimia 10, kisha sheria inakupa wewe mnunuzi siku 10 za kujiondoa bila kutoa sababu yoyote. Muuzaji hana siku hizo. Gharama za notaire kwa nyumba ya zamani zinafika kama asilimia 7 au 8 ya bei, na sehemu kubwa ni kodi. Kama kuna shamba, kuna chombo kinachoitwa SAFER, kilichoanzishwa na sheria ya 1960 kulinda ardhi ya kilimo, ambacho kinaweza kuingilia kati na kununua kabla yako ili shamba liende kwa mkulima. Fikiria kungekuwa na ofisi kama hiyo Kiambu.

Kisha kuna urithi. Tangu Kanuni ya Sheria ya Napoléon ya 1804, mtoto hawezi kunyimwa fungu lake la lazima. Mzee akifa nyumba ni ya watoto wote, watoto wakifa ni ya wajukuu wote, na binamu mmoja aliye Kanada asiyetaka kusaini anaweza kuwafungia wote mlango. Nyumba iliyofungwa miaka ishirini mara nyingi haijakosa mwenyewe. Ina wenyewe wengi mno. Ukiwa umewahi kukaa kwenye mkutano wa familia kuhusu shamba la marehemu, hakuna haja nikueleze kelele zilizo nyuma ya dirisha hilo lenye maua.

Na kuna viager. Hapa mwandishi wa tamthilia angeacha kazi aende nyumbani, kwa sababu maisha yameshaandika. Viager ni kununua nyumba ya mtu mzee kwa kumlipa kila mwezi mpaka afe; anaendelea kukaa humo, akifa inakuwa yako. Akifa mapema umepata bei ya kutupa. Mjini Arles, Provence hii hii, mwaka 1965, notaire mmoja aitwaye André-François Raffray aliingia mkataba wa namna hiyo na bibi wa miaka 90. Faranga 2,500 kila mwezi. Yeye alikuwa na miaka 47 hivi, mtu wa sheria, anajua hesabu. Bibi aliitwa Jeanne Calment. Ndiyo, yule yule. Raffray alilipa miaka thelathini, akafa Desemba 1995 akiwa na miaka 77, akiwa amelipa zaidi ya mara mbili ya thamani ya nyumba ambayo hakulala ndani yake hata usiku mmoja. Mjane wake akaendelea kulipa. Calment akafa Agosti 1997, miaka 122, binadamu aliyeishi muda mrefu zaidi kati ya wote ambao kumbukumbu zao zinakubalika.

Hakuna kitabu cha Mwingereza aliyehamia Provence ninachokijua chenye ukurasa mmoja wenye uzito wa hiyo hadithi. Mzee na mnunuzi wake wanasubiriana kufa, na sheria inawatazama. Hapo jirani hachekeshi tena.

Ukitaka kuona Provence ikisimuliwa kutoka upande wa pili, kuna Marcel Pagnol. L'Eau des collines, riwaya ya juzuu mbili ya 1963, ndiyo iliyozaa filamu mbili za Claude Berri za 1986, Jean de Florette na Manon des sources. Filamu zinapatikana na zina manukuu, hakuna udhuru. Pagnol alizaliwa Aubagne karibu na Marseille, akawajua wakulima wa vilima vile tangu utotoni, na nadhani ndiyo maana hawaonei haya.

Mgeni kwa Pagnol ni Jean, mtoza ushuru wa mjini, mwenye kibyongo, aliyerithi shamba la mamake milimani. Anakuja na mke, binti mdogo, na vitabu vya kilimo. Atafuga sungura kwa njia za kisasa. Amepiga hesabu ya mvua kwa karatasi. Ni Peter Mayle bila akaunti ya benki. Kuna chemchemi kwenye shamba lake lakini haijui, kwa sababu kabla hajafika, majirani wawili, mzee Papet na mpwa wake Ugolin, wameiziba kwa saruji. Wanataka shamba lile kwa bei ya chini, wapande maua ya kanesheni, jamii ya yale yanayopakiwa Naivasha kupelekwa Ulaya. Ugolin anampa Jean mkono, anakunywa divai yake, na kila siku anamtazama akipanda mlima na maji mgongoni kutoka mbali, huku yale ya karibu yakiwa chini ya miguu yao.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilidhani ni hadithi ya watu wawili wabaya. Nikairudia na nikaona wengine. Kijiji kizima kinajua kuna chemchemi pale. Kwenye baa wanalizungumzia kwa kulizunguka. Hakuna anayesema, kwa sababu si jambo lake, kwa sababu Jean si wa huku, kwa sababu mamake aliolewa kijiji kingine. Jean anafia humo, amepigwa na jiwe baada ya kulipua baruti akichimba kisima. Ugolin ananunua shamba. Siku hiyo hiyo wanazibua maji, na binti yule mdogo anawaona.

Juzuu ya pili siwezi kuisimulia bila kukuharibia, ingawa kitabu kina miaka zaidi ya sitini na ulikuwa na muda. Nitasema tu kwamba maji yanafungwa tena, safari hii ya kijiji chote, na kwamba Papet anakuja kugundua alikuwa akimfungia nani maji. Nilikaa kimya kitambo.

Weka hiki na Mayle kwenye rafu moja. Ni vilima vya nchi moja, ni mgeni yule yule na hesabu zake, na ni jirani yule yule anayetabasamu. Kwa Mayle tabasamu ni tabasamu. Kwa Pagnol ni saruji. Sisemi Pagnol ndiye mkweli na Mayle mwongo. Mayle alikuwa na pesa za kumlipa Menicucci, na mtu mwenye pesa hafungiwi maji, anauziwa. Kile ambacho kitabu chake kinakiita ukarimu wa watu wa Provence ni kweli kilikuwa ukarimu, na pia kilikuwa uchumi. Kushindwa kuona mambo yote mawili kwa pamoja ndiko kunakokifanya kitabu kizuri kisiwe kitabu kikubwa.

Wapo warithi wa Mayle waliojaribu zaidi. Carol Drinkwater, mwigizaji, katika The Olive Farm ya 2001, ananunua na mpenzi wake Mfaransa shamba la mizeituni lililogeuka msitu, juu ya pwani ya Cannes, bila pesa za kutosha, na hilo tu linabadilisha sauti ya kitabu. Kuna hofu ya kweli. Na kuna Quashia, Mwaljeria, anayekuja kujenga ukuta na kuwa nguzo ya shamba. Ana familia ng'ambo ya bahari, ana jina, ana maoni. Drinkwater anampenda na inaonekana. Bado mimi nilitaka kitabu cha Quashia, kinachoanzia upande ule mwingine wa Mediterania, ambako Wafaransa nao waliwahi kununua mashamba yenye mwonekano mzuri wa bahari, na wengine hawakununua, walichukua tu.

Sasa pasipoti. Ufaransa haimkatazi mgeni kumiliki nyumba na ardhi yake moja kwa moja, awe Mwingereza au Mkenya. Sisi kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia anaweza kupata ardhi kwa kukodi tu, isizidi miaka 99. Kwa hivyo kisheria mimi naweza kuwa na kipande cha Ménerbes milele, ilhali Mayle hangeweza kuwa na kipande cha Naro Moru vivyo hivyo. Inapendeza kusikia, si ndiyo? Ila hati ya nyumba si viza. Mkenya anaomba viza kabla ya kukanyaga, na kwa viza ya matembezi anaruhusiwa siku 90 katika kila siku 180. Unaweza kumiliki kitanda na usiruhusiwe kukilalia.

Kinachonifurahisha kidogo, Mungu anisamehe, ni kwamba tangu Januari 2021 Waingereza nao wamewekewa hizo siku 90, baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Viza ya matembezi hawaombi, lakini saa yao inahesabu. Mwishoni mwa 2023 wabunge wa Ufaransa waliweka kwenye sheria ya uhamiaji kipengele cha kuwapa Waingereza wenye nyumba viza ya muda mrefu bila usumbufu. Januari 2024 Baraza la Katiba likakifuta. Soma A Year in Provence leo ukiwa na hilo kichwani na utaona mhusika mkuu wa kitabu ambaye hakutajwa popote: ule urahisi wa kuamka tu na kuhama. Miezi kumi na miwili mfululizo. Kichwa chenyewe cha kitabu sasa kinahitaji makaratasi.

Na vitabu vikishafanya kazi yao, vijiji vinakuwaje? Mayle alipata jibu mlangoni. Mashabiki walikuja na nakala zao mkononi mpaka akauza, akaenda kukaa Long Island, Marekani, miaka kadhaa, kabla ya kurudi upande wa Lourmarin. Kilomita chache kutoka Ménerbes, Pierre Cardin alinunua mwaka 2001 magofu ya ngome ya Lacoste, iliyokuwa ya Marquis de Sade, kisha akaendelea kununua nyumba za kijiji moja baada ya nyingine, na wenyeji wakaanza kunung'unika kwamba taa za usiku zinapungua. Hilo nung'uniko si geni. Tembea mji wa kale wa Lamu, uulize nyumba zilizokarabatiwa vizuri zaidi ni za nani na zina watu miezi mingapi kwa mwaka.

Nyumba ambayo mimi ningependa kusoma kitabu chake haina kitabu cha namna hii, na pengine ni bahati. Mwaka 1970 James Baldwin, mgonjwa, amechoka, marafiki wameuawa nyumbani Marekani, alifika Saint-Paul-de-Vence, kijiji chenye ngome juu ya vilima nyuma ya Nice. Akapanga vyumba kwenye nyumba ya zamani ya shamba, ya mawe, yenye bustani ya michungwa. Mwenye nyumba, Jeanne Faure, alitoka katika jamii ya Wafaransa waliofukuzwa Aljeria, na hakuwa mtu wa kufurahia mpangaji mweusi. Baldwin alikuwa ameandika waziwazi kuhusu jinsi Waaljeria walivyotendewa Paris. Wawili hao wakaishia kuwa marafiki. Kidogo kidogo akawa ananunua nyumba kutoka kwake, kwa awamu, pesa ikipatikana, jinsi watu wetu wanavyolipa ploti.

Hakuandika kuhusu mabomba. Mezani kwake nje walikaa Nina Simone na Miles Davis, na chini, kwenye vyumba vya kazi, aliandika If Beale Street Could Talk, iliyotoka 1974, na Just Above My Head, ya 1979. Nyumba ya mawe kusini mwa Ufaransa ikamzalia Harlem. Hilo peke yake lingetosha kumjibu Mayle. Jicho lake halikukaa dirishani kutazama majirani. Mwishoni tu, katika tamthilia aliyoiacha haijakamilika, The Welcome Table, ndipo meza ile na wageni wake walipoanza kuingia kwenye karatasi.

Alifia humo tarehe 1 Desemba 1987, miaka miwili kabla kitabu cha Mayle hakijatoka. Malipo yalikuwa hayajakamilika, karatasi hazikuwa wazi. Ndugu zake waliendelea kuishikilia nyumba, madai yakaenda mahakamani, wakaipoteza. Sehemu zake zikabomolewa. Watu walipiga kelele, wengine kutoka mbali sana, wakitaka pawe mahali pa waandishi. Mwenye mradi alikuwa na hati. Juu ya bustani ile leo kuna maghorofa ya kifahari, na matangazo ya kuyauza yalisifu kile kile ambacho matangazo ya aina hii husifu siku zote: jua, utulivu, na mwonekano wa bahari kwa mbali.